Mlio Ndani ya Mvuke

Nyumba ya Ziwani,
Karibu na Kuopio, Ufini.
19 Julai

Mpendwa mdogo wangu Sanelma,

U hali gani huko Melbourne? Baridi yenu imeshaingia? Sisi tu wazima, ila mimi ni mzima wa kujikongoja, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unaijua kazi yangu ya kupanga zamu kwenye nyumba ya wazee. Muuguzi akiugua, simu yangu inalia. Mwaka huu imelia hata nikiwa na kijiko mdomoni. Moyo ukidunda ovyo, nasema ni kahawa. Nywele zikibaki kwenye kitana, nasema ni umri. Usingizi ukiniruka, nalisingizia jua hili la kiangazi lisilotaka kuzama.

Likizo ilipofika, shemeji yako Urho aliifungia simu ile kwenye droo mjini, tukaja huku. Jumamosi tukawasha sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke. Nikamwagia mawe ya moto maji, chwaaa, mvuke ukapanda, na humo ndani ya mvuke nikaisikia simu ikilia. Wallahi ilikuwa yangu! Nikatoka mbio na taulo, povu kichwani, nikapekua mikoba, viatu, hata kikapu cha samaki.

"We Lempi, nani anakupigia? Zimwi la ziwani?" Urho akacheka.

Nikarudi, nikamwaga tena. Ikalia tena. Mara ya tatu nilianguka ngazini, kifua kimenibana, na Urho hakucheka. "Basi, mke wangu. Vaa, twende kwa daktari."

Daktari alinipima presha mara mbili, kama haamini. Alisema moyo haujaharibika bado, lakini nikiendelea hivi utaharibika. Akanipa wiki sita za kupumzika. Unajua nilimjibu nini? "Sasa zamu za Agosti atapanga nani?" Jamani! Nilijisikia mwenyewe, nikaangua kilio.

Sasa siku zinapita polepole. Nakaa kwenye kigati, miguu majini, weupe wa anga na wa ziwa unachanganyika hata sijui kama niko macho au naota.

Uliniandikia kwamba taya linakuuma kila asubuhi, eti ni mto mbaya wa kulalia. Si mto, Sanelma. Uongo huo mimi ndiye bingwa wake. Nenda ukapimwe, nakuomba.

Nisalimie mumeo Desmond na binti yetu Aila. Urho anawasalimu. Mungu akulindie moyo wako huo mmoja.

Jana niliyamwagia mawe maji. Ikalia. Nikabaki nimekaa, mikono mapajani. Ikalia, ikalia, mwisho ikanyamaza yenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Lempi