Nyota juu ya majina

Kibiti, Jumanne jioni

Maneno niliyabadilisha yote, madoido ya slaidi sikuyagusa. Ofisini hatuanzi faili jipya, kwa hiyo taarifa ya kipindupindu niliiandika juu ya slaidi za salamu za Idi.

Leo kikaoni, mbele ya wageni na wafiwa, majina ya marehemu wa Ruaruke yakaingia ukutani yakirukaruka, nyota za rangi zikiyamwagikia.

"Kijana, hii taarifa au harusi?" bosi akauliza.

Mzee Mbonde, aliyefiwa na bintiye, akasema taratibu, "Mwache, bwana. Mwanangu, hebu lirudishe jina la binti yangu, sikuliona vizuri."

Nikalirudisha. Likaingia tena, na nyota zake.

Kesho asubuhi naitwa kwa bosi. Huenda mkataba usiongezwe. Nimekaa tu. Jina lenyewe la yule binti, nililolichapa mwenyewe, silikumbuki.