Kushoto Laini, Kulia Ngumu

Babati, Jumatatu. Upepo wa Julai na baridi ya kutetemesha.

Mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hili, hata mama: baba yangu haoni vizuri, na mimi nimemsaidia kulificha.

Baba ni mwindaji bingwa. Anaongoza wageni wenye leseni ya kuwinda, akitembea karibu nao na bunduki yake ya magnamu, ile ya risasi kubwa zenye nguvu, ili mnyama akijeruhiwa au akiwageukia, yeye ammalize. Mgeni wa wiki hii anataka pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Gari la kambi ya uwindaji lilikuwa lije kumchukua baba leo asubuhi.

Tangu nikiwa darasa la nne, siku moja kabla ya safari mimi na baba tunakaa uani kuchagua risasi. Mimi si mtu wa watu. Shuleni naweza kumaliza siku nzima sijasema kitu. Lakini risasi nazijua, kwa sababu nimesoma kila kijitabu alichorudi nacho kutoka kambini. Nadhani ndiyo lugha pekee tunayoongea vizuri, mimi na yeye.

Jana tulianza na boksi aliloachiwa mwaka jana na mgeni huyuhuyu, ambaye hajazi bunduki yake risasi za dukani. Ananunua maganda, baruti na vichwa, anajitengenezea mwenyewe nyumbani kwao.

"Hizi ziache, baba," nilimwambia. "Baruti aliipima kwa bunduki yake. Kwenye yako inaweza kuzidi."

"Haya, mwalimu," akasema, akacheka.

Tukabaki na za dukani. Za pofu ni laini: zina ncha ya kijivu inayofunguka ikiingia mwilini, mnyama anaanguka hateseki. Ngumu ni za nyati, shaba tupu mpaka nchani, za kupenya mfupa. Ukimpiga pofu kwa ngumu, inaweza kutokea upande wa pili naye akaondoka na kidonda chake akafie mbali. Na porini wanakokwenda kuna nyati pia. Nyati akikujia mbio na wewe umeweka laini, sitaki hata kuandika.

Baba akachukua moja, akaisugua ncha kwa kidole gumba. "Hii laini."

Ilikuwa ngumu. Ilikuwa mchana kweupe, nayo inang'aa shaba mpaka juu.

Miezi yote hii nilikuwa namsomea maandishi ya maboksi, nikijiambia ni herufi ndogo tu, hata mimi zinanisumbua. Sikujua kwamba haoni hata rangi ya kitu alichokishika mkononi.

"Baba, hiyo ni ngumu."

Akaiweka chini. Kisha akavuta ule mkanda wake wa risasi, akanisogezea. "Basi nipangie wewe, mama. Laini kushoto, ngumu kulia. Mkono utazijua. Na mama yako asisikie."

Nikapanga.

Sipendi kukumbuka jinsi nilivyopanga vizuri.

Baadaye akapita Baba Neema, jirani yetu hapa Nangara, mtu wa utani. Baba akammiminia chai, nusu ikaenda kwenye kikombe, nusu mezani.

"Baba Rehema!" Baba Neema akapiga kelele. "Kumbe mwaka huu pofu ndiye anamwinda pofu!"

Baba alicheka kuliko yeye. Alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nikaingia ndani na kitambaa cha kufutia meza, nikakaa nacho kitandani.

Nilimfikiria mgeni. Nikawafikiria wale wafuata nyayo wanaotangulia mbele ya baba kwenye majani marefu, wakiamini kwamba mtu wa nyuma yao anajua kipi ni mnyama na kipi ni mtu. Halafu nikamfikiria baba bila bunduki, na hapo nikashindwa kufikiri.

Alipokwenda kuoga nilichukua simu yake, nikampigia meneja wa kambi. Nilisema shikamoo, nikasema mimi ni binti yake, nikasema baba haoni. Meneja akasema, "Pole, binti. Asante." Nikafuta ile namba kwenye simu, kama mwizi.

Leo baba aliamka mapema, akavaa kaki zake, viatu amevipiga rangi mwenyewe. Akakaa kwenye kiti karibu na geti, begi miguuni. Kila gari lililopita barabarani alisimama.

Jua likapanda. Mama akatoka jikoni kuuliza kama gari limeharibika njiani. Baba akasema wageni ndivyo walivyo, wanachelewa. Mama akarudi ndani.

Nilikuwa nimeshavaa sare. Ningeweza kumuaga nikaenda shule.

Nilimwendea. Nikasema, "Baba, gari haliji. Jana nilimpigia meneja, nikamwambia kuhusu macho yako. Ni mimi."

Hakufoka. Aligeuza uso anitazame, lakini akatazama pembeni yangu kidogo, penye ukuta, na macho yake yakabaki hapo yakinisubiri.

Nikasogea hatua moja, nikasimama pale alipokuwa akitazama.