Vidonge vya Mama

Masuguru, Korogwe
Agosti 1974

Dada yangu mpendwa Mwanaidi,

Shikamoo. Kuna mlio mmoja hauniachi, nao ni wa ungo wa mama. Si ule wa kupepeta mahindi. Ni wa ungo mtupu, pwa, pwa, pwa, mama akijipepea uso wakati wa kipupwe, sisi wengine tumejitanda khanga mbili mbili. Wewe ndiye uliyemwuliza anapepea moto gani, akakujibu kwamba anapepea umri.

U hali gani huko Tabora? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi. Najua hutasoma habari nyingine mpaka uione ya mama, basi nakuambia mapema: hajambo, na anacheka. Lakini mpaka kukifikia kicheko hicho tulipita pagumu, na ndiko ninakotaka kukupeleka taratibu.

Unakumbuka daktari Ernesti alimwanzishia vidonge. Alimweleza kwamba hedhi inapokoma, homoni, yaani vile vichocheo ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, hupungua, na joto lile la ghafla hutokana na hapo. Vidonge hurudisha kidogo kilichopungua. Ila alionya kuwa dawa hii haitolewi kwa kukisia: ikiwa kidogo mno haisaidii, ikizidi huleta hatari. Kipimo cha damu cha homoni hapa kwetu hatuna. Kwa hiyo kila mara mama alipokuja hospitali, Nesi Rosina alichukua chembe kutoka njia ya uzazi, akazipaka kwenye kipande cha kioo, kioo kikapelekwa maabara. Chembe hizo hubadilika umbo kulingana na homoni, na hadubini huziona.

Na maabara, dada, ni mimi.

Mama hakujua. Alidhani vioo vinapelekwa Dar es Salaam. Nilimwomba Rosina aviandike namba badala ya jina, kana kwamba mkono wangu usingeijua namba hiyo! Unajua mambo ya kwetu. Neno la namna hii binti halisemi mbele ya mama yake. Hupitia kwa bibi, na bibi hatunaye tena. Basi nikawa nasoma na kunyamaza.

Nilichokiona kilinitia hofu. Chembe zilikuwa ndogo, za mviringo, za mwanamke ambaye hajameza kitu. Daktari akaongeza dawa. Chembe zikabaki karibu vile vile. Akasema labda mwili wake unaikataa, atampa dozi kali mara moja ya mwisho, ikishindikana ataacha. Na mama alikwisha kumwambia baba kwamba hali ikiendelea hivi ataacha kuongoza kikundi cha kina mama katika shamba la kijiji, maana kiongozi hawezi kukaa tutani akijipepea wenzake wakilima.

Nikawaza sana. Ama mwili unakataa dawa, ama mama haimezi. Kama haimezi, dozi ile kali ingemdhuru siku atakayoamua kuimeza yote. Lazima mtu amwulize, na kumwuliza ni kumwambia nimejuaje.

Nikapanda basi la Handeni kwenda kijijini kwetu. Niliwakuta mama na kikundi chake shambani wamepumzika, nikashangaa. Bibi Hajira, aliyekuwa akigombana hata na jembe lake, anaimba! Nailantei, yule mama wa Kimasai jirani yetu, anapiga makofi. Kisha mama akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge na kisu kidogo, akavikata juu ya jembe lililolazwa, akagawa. Kila mmoja akameza kipande chake kwa maji ya kata ile ile. Kipande kimoja kilidondoka, Nailantei akakiokota kwa kidole alichokilowesha mate.

Nilipouliza ni nini hiki, mama alinijibu bila wasiwasi kwamba kila mkutano wanaambiwa anayekula peke yake ni mnyonyaji. Sasa yeye ameze peke yake wenzake wakitokota? Tena alimsifu daktari. Alipoongezewa vidonge alijua daktari amesikia kwamba kikundi kimekua.

Ningecheka, dada, lakini Bibi Hajira akadakia kujisifu kwamba amerudi usichana: ameona damu, miaka mingi baada ya kuisahau, na Mzee Sadala wake ameanza kuchonga ndevu. Wakapiga vigelegele. Mimi niliwaeleza kwamba damu ya namna hiyo haifai kushangiliwa kabla daktari hajaiangalia. Yaweza kuwa ni dawa, yaweza kuwa maradhi mabaya. Mama akataka kujua mimi nimeyatoa wapi haya.

Hapo nikasema, nikitazama udongo, kwamba vile vioo ninavisoma mimi. Tangu cha kwanza.

Nilingoja kofi au machozi. Mama alicheka mpaka akaegemea jembe. Akasema kwamba siku ya kuzaliwa nilipita humo humo bila kupiga hodi, leo ndiyo naona haya ya kuchungulia?

Lori la mahindi liliwaleta wote Korogwe, kila mmoja akachukuliwa kioo chake. Bibi Hajira hana ubaya, alhamdulillahi. Ni vile vipande tu, naye ameambiwa aache. Mzee Sadala ameachia ndevu zake. Nailantei amekatazwa kwa sababu ya ini, akasema basi arithishwe ungo. Mama anameza kidonge chake kizima, na chembe zake sasa ni pana, zimetandaa vizuri. Nilipoziona nilitabasamu peke yangu kama mwehu. Uongozi hajauacha.

Baba anakusalimu sana, na Rosina pia, ingawa hamjaonana. Mama anasema ungo amekataa kuutoa, lakini sasa unapepeta mahindi tu. Wabusu watoto.

Neno la mwisho. Nilimwomba daktari niwe nafuatana na Rosina kila mwezi kwenda vijijini kwa ajili ya kina mama wa umri huu, na vioo viandikwe majina, si namba. Amekubali, na jana tumeanza kwetu. Mama alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alimeza kidonge, kisha mbele ya kina mama wote akaachama kinywa na kutoa ulimi nje, ili nihakikishe.

Mdogo wako akupendaye,
Swaumu