Kinyago Kilichosinzia

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa ya pili

Baba yangu mpendwa, Mzee Jonas,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umepunguza kelele zake, na mikorosho imeanza kutoa maua. Huku kwangu sote tu wazima. Marietha mkweo anakusalimu sana, na anauliza kama ile dawa ya kuchua aliyokutumia unaitumia kweli au umeipanga juu ya kabati pamoja na zile nyingine. Nimemwambia asiulize jambo ambalo jibu lake analijua.

Cyprian ndiye anayekuletea barua hii pamoja na mzigo wa gunia lililoshonwa mdomo. Nakuomba, baba, mzigo usiufungue kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo uchukue kisu. Nakujua wewe, hapo ulipo umeshaupapasa.

Habari kubwa ni kwamba nilikuwa ndani, nimewekwa mahabusu. Usishtuke. Nimetoka, nimeoga, nimenyoa, na nimerudi kwenye kibanda changu cha uchongaji. Cyprian alikwambia nimesafiri kikazi kwa sababu mie ndiye niliyemtuma aseme hivyo. Ungejua, ungepanda basi siku ileile, na wewe ukipanda basi na hasira hata dereva hapati raha. Basi msamehe mdogo wangu, na kama kuna wa kugombezwa ni mie.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na maonyesho ya mafundi wa huku kwetu, nami nikapanga meza yangu: miiko, vitana, tembo wachache, na kinyago kimoja ambacho sikukusudia kukiuza. Ni mzee ameketi kitini, kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi, na juu ya tumbo lake kuna kitu cha pembe nne amekishika kwa mikono miwili. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja. Jina na cheo naviacha, maana barua hupita mikono mingi. Ni mtu wa mashavu na kitambi. Sasa, mheshimiwa huyo aliwahi kusinzia mbele za watu kwenye mkutano wa kero ya maji, amekumbatia faili lake, na nusu ya Kiwalani walikuwa na picha hiyo kwenye simu. Mie sikuwa nayo. Simu yangu unaijua, ya tochi.

Alipofika mezani kwangu alisimama. Akakikazia macho kinyago. Nyuma yake mtu mmoja akaguna, mwingine akadakia, mara uwanja mzima ukaangua kicheko. Mheshimiwa akaniuliza huyu ni nani. Nikajibu kwa adabu zote ulizonifundisha kwamba ni mzee amesinzia. Mungu ni shahidi, sikuwa na nia mbaya, lakini baada ya jibu hilo watu walishika mbavu. Basi akatamka yale maneno ambayo baadhi ya wakubwa huyatamka kama mtu anayeagiza chai: mwekeni ndani, saa arobaini na nane.

Baba, saa hizo si za ukutani. Zilipokwisha zikaanzishwa nyingine, na hizo zikazaa wenzao, wala hakuna aliyenipeleka mahakamani. Nilikaa mpaka ndevu zikanifunika kidevu, na Marietha akija kuniletea chakula anasema nimekuwa babu kabla sijawa baba.

Sikiliza sasa kilichonichekesha hata mle ndani. Aliyepewa jalada langu ni Afande Sekela, mama wa Kinyakyusa, sauti kubwa lakini roho si mbaya. Kazi yake ilikuwa kuandika kosa langu, na kosa lenyewe likawa haliandikiki. Akiandika kwamba nimechonga mtu amelala, kulala si kosa. Akiandika kwamba nimemchonga mheshimiwa, itabidi aeleze amejuaje kwamba yule mwenye mdomo wazi ni mheshimiwa, kisha atie sahihi yake chini. Akalipeleka jalada kwa mkubwa wake, likarudi kama lilivyokwenda. Aliniambia waziwazi, huku akijipepea nalo, kwamba tangu aanze kazi hajapata kuona kosa linalojulikana na kila mtu na lisilo na mtu wa kulitamka.

Kwa hiyo wakataka nilitamke mie. Nikapewa njia mbili: niandike kuomba radhi, au nimtaje mtu niliyemchonga ili aitwe, asimamishwe kando ya kinyago, waone kama wanafanana. Kuomba radhi nilikataa, kwa kuwa ukiomba radhi umekiri. Kuhusu hilo la pili nilinyamaza. Walinirudia mara nyingi, wakaniambia nikitaja jina tu jioni niko kwangu. Nikazidi kunyamaza. Walidhani ni kiburi. Haikuwa kiburi, na nitakueleza.

Usidhani palikuwa pa kuchekea tu. Joto lilikuwa la tanuri, ndoo ni moja kwa watu wote, na mlango ukigongwa kila mtu anajiuliza ni zamu ya nani. Niliogopa, baba. Nilimkuta mle dereva wa bodaboda anaitwa Nassibu, ambaye aliuliza mkutanoni kwa nini kisima kilichozinduliwa hakitoi maji. Kuuliza kwenyewe ndiko huko. Alikuwa mle kabla yangu, wala hakuna aliyemwambia ana kosa gani, na mama yake alizunguka hospitali zote akimtafuta kabla hajaambiwa kijana yuko hai. Nilikuwa nikimsikiliza nafikiri juu ya mtu mwingine, mzee, akiketishwa kwenye sakafu ile.

Majirani ndio walionitia nguvu. Unamkumbuka Bi Mwanabaraka, yule Mzaramo muuza chapati mliyebishana naye siku nzima kama korosho inafaa kuungia kisamvu? Aliposikia kwamba polisi wanamtafuta mwenye sura, alijifunga kanga kiunoni akaenda kaunta, akaomba aoneshwe kinyago. Alipokiona akaangua kilio cha msiba. Akasema huyo ni marehemu mume wake, na kwamba hata kufa alikufa hivyohivyo, mdomo wazi. Kesho yake akaja Mwishehe, fundi pikipiki, akidai ni mjomba wake wa Kisarawe na anataka kujua nani kampa mtu ruhusa ya kumchonga. Wakafuata wengine. Kumbe kila nyumba ina mzee wake anayesinzia! Afande Sekela akawaandika maelezo wote, mpaka jalada likawa na kitambi kuliko mheshimiwa. Mwishoni aliniambia, mlango umefungwa, kwamba hata baba yake kule Tukuyu hulala vilevile.

Wakili mmoja wa msaada wa kisheria, Bi Monica, ndiye aliyemaliza kazi. Alipeleka maombi mahakamani niletwe mbele ya jaji na nitajiwe kosa langu. Ilipokaribia siku ya kusikilizwa, mtu wa kulisema kosa mbele ya jaji hakupatikana, na nikaitwa kaunta nikaambiwa nenda nyumbani. Basi, hivyo tu. Hakuna pole, hakuna samahani. Nikaketi kwenye benchi nikasema siendi bila kinyago changu. Marietha alinifinya ubavuni hadi leo pana alama. Lakini Afande Sekela aliingia ndani, akarudi nacho amekizungushia gazeti, akanikabidhi akisema nimchukue mzee wangu nimfikishe kwao. Nilitaka kumuuliza amejuaje, nikaona heri nisiulize.

Sasa tuko vizuri. Wateja wameongezeka, kila anayepita anataka mzee aliyesinzia, nami nakataa, nawauzia tembo. Nassibu bado yumo. Bi Monica amelishika jina lake, na mie na mama yake tunapokezana kumpelekea chakula. Siku akitoka nitakupigia, hata kama ni kwa simu ya kuazima.

Baba, nimefika mahali pa kukueleza.

Lile gogo la mpingo nililochongea kinyago hicho ulinipa mwenyewe, siku narudi Dar baada ya arobaini ya mama. Unakumbuka tangu tulipomzika ulikuwa hulali. Tulikuwa tukikusikia unatembea uani, tunajifanya hatusikii. Alasiri moja nikatoka jikoni nikakukuta kwenye kiti chake mama, redio juu ya tumbo umeishika kwa mikono miwili, kichwa begani, mdomo wazi. Redio inasoma matangazo ya vifo wewe huna habari. Nikaipunguza sauti polepole, nikaketi chini nikikutazama mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwako. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, mzee kapata usingizi, sasa ataishi.

Basi ndicho nilichokichonga. Kile kitu cha pembe nne si faili. Ni redio yako. Antena ilikatika nikiipiga msasa, nikasema potelea mbali, hata ile ya kweli ilishakatika.

Ndiyo maana sikutaja jina. Ningesema ni baba yangu, wangekuleta huku na mguu wako, wakusimamishe mbele ya watu wanaocheka, wakupime mashavu. Niliona heri waniketishe mie hata mwaka. Marietha mwenyewe sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Sasa kata uzi, baba. Kiweke karibu na kiti cha mama. Mdomo usinikasirikie, nilijaribu kuufunga ikawa si wewe. Na kama sura yako imekuudhi, kesi hiyo naikubali, nitakuja Desemba unihukumu mwenyewe, ukiwa umeketi na mie nimepiga magoti.

Nisalimie shangazi Anna na nyumba yake yote, padri, na kila anayeniulizia. Cyprian atakaa nawe wiki mbili, mpe kazi, asilale tu. Nawe ukisinzia leo alasiri, mwambie akupunguzie redio.

Mimi mwanao nikupendaye,
Kasimiri