Chafya Juu ya Paa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepachika saitimira, vile vioo vya pembeni mwa gari, za oda nzima bila kudondosha hata moja. Saitimira yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele! Ukiidondosha, kwisha habari yako, unatambaa sakafuni na tochi mpaka magoti yaote sugu. Mimi sidondoshi. Mimi na kibano changu tulizaliwa pacha.

Watu hawajui. Haya magari madogo ya mapambo yanaishi kwenye makabati ya vioo kwa watu wenye pesa zao. Yana taa zao humo ndani, yanafutwa vumbi kwa brashi laini kama ya kupaka poda. Gari halizidi urefu wa kiatu changu, lakini linalala pazuri kuliko mimi. Na wenyewe wanadhani yanatoka kwenye kiwanda kikubwa, watu na makoti meupe. Wapi! Yanatoka hapa, nyuma ya duka la magodoro, vyumba viwili na choo. Boksi limeandikwa "Kazi ya Mkono" tu. Mkono wa nani? Wangu.

Sasa la leo. Huyu fundi rangi mpya simwelewi. Nimempa jina, Kimya, maana ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Mchana sote tunatoka kula, yeye anabaki. Begi lake haliachi mbali, kama kuna mtoto ndani. Na leo nimemfuma anafukua pipa la Mama Boksi, yule mama anayefungasha. Nikamwuliza, vipi kaka, umepoteza meno ya bandia? Akanitazama tu. Akaendelea kufukua.

Mtu asiye na lake angenitukana!

Jumatano, 6 Machi

Nimemsimulia Shemeji habari za Kimya. Shemeji ni mume wa Dada, ndiye aliyenitafutia kazi hii, na mimi nalala sebuleni kwao, wao na mtoto wao chumbani. Pale kazini ni fundi kalibu. Yaani yeye ndiye anayetengeneza ule mpira laini wa bluu, unamimina rezini, ile plastiki ya maji, ndani, inaganda, unatoa bodi ya gari. Zamani hata rangi alikuwa anapaka mwenyewe. Bosi akasema kifua chake hakitaki tena dawa za rangi, akamleta Kimya. Na mshahara wa Shemeji ukapungua. Tangu siku hiyo chai anakunywa amegeukia ukutani.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, mdogo wangu, wewe una macho. Mwambie Bosi, wewe unasikilizwa.

Kweli nasikilizwa. Hilo halina ubishi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Bosi. Ni mwanamke mwenye kile kioo kikuza cha kuvaa kichwani, muda wote kipo juu ya paji la uso, hata akienda benki. Namwita Jicho la Tatu. Akaniuliza, umeona au umehisi? Nikamwambia nimeona nikahisi. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Ile ya kuacha ndiyo niliyoipenda.

Kimya mwizi. Wa nini bado sijajua. Ila ni mwizi.

Jumapili, 10 Machi

Dada anafua na tumbo lake lile la ujauzito, huku analalamika. Shati la Shemeji linanuka rezini, na leo si siku ya kazi, si alisema anakwenda kuangalia mpira? Nikamwambia Dada, ile harufu haitoki, hata mto wangu unanuka. Akasema, wewe mto wako unanuka wewe.

Haya. Lakini lile shati ni jipya. Alilivaa leo kwa mara ya kwanza.

Nisijitafutie maneno. Mwenye maneno ni Kimya.

Jumatatu, 11 Machi

Mungu wangu, siku gani hii!

Asubuhi kaingia mzee mmoja, glavu nyeupe mkononi, masanduku mawili kayakumbatia kama mayai. Mkusanyaji wa haya magari. Kumbe ni Mzee Kabati mwenyewe, yule ambaye Bosi huongea naye kwenye simu kwa sauti ya kanisani. Hajawahi kufika. Akasimama mlangoni, akaangalia feni yetu iliyofungwa kwa waya, akaangalia magodoro, akauliza: "Hapa?" Bosi akasema ndiyo, mzee, karibu. Akauliza tena: "Hapa hapa?" Nilitaka kumwambia avue viatu.

Akafungua masanduku. Magari mawili mekundu, lile toleo la mwaka jana. Akayageuza tumboni, kila moja na kibati chake cha namba, na namba hairudiwi. Hili namba saba. Na hili namba saba! Moja lake. Jingine kalikuta kwa rafiki yake, kauziwa mtaani, akaliazima. Akasema kwa upole kabisa: bibie, mimi nilinunua namba saba, sikununua mapacha.

Bosi akashusha kioo jichoni.

Sasa hapa ndipo nilipojitia ujuaji. Nikalichukua lile la pili, nikaliinamisha kwenye taa. Chini ya rangi, juu ya paa, kuna mstari. Mwembamba kama unywele. Unakwenda sawa, sawa, halafu unapinda ghafla kama kiwiko. Mkono wangu ukaujua kabla ya kichwa.

Nieleze, maana nikizeeka nitasahau. Toleo likiisha, Bosi anatuita wote na anaikata kalibu kwa kisu mbele yetu. Kila mtu anaondoka na kipande chake, ili ile kalibu isikutane tena duniani. Ndiyo heshima ya kazi. Ya gari jekundu tulikuwa wanne. Bosi alichukua sakafu, ambayo ni bapa tu, hata mlevi angeichonga upya. Shemeji akapata nyuma. Mama Boksi akapata paa na mlango. Mimi nikapata pua, boneti na taa. Na siku ile Bosi akiwa katikati ya paa, Mama Boksi akapiga chafya kama bunduki! Bosi akashtuka, kisu kikapinda. Tulicheka wiki nzima.

Basi nikapiga kelele: "Bosi! Hii hapa chafya ya Mama Boksi!"

Mama Boksi akacheka mwenyewe. Halafu hakuna aliyecheka. Maana wote tulielewa pamoja: kuna mtu ameviunganisha vipande vyetu kwa gundi, akamimina upya.

Mzee Kabati akanitazama kama mimi ni injinia. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mpaka nilipokutana na macho ya Shemeji. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamechoka.

Bosi akauliza, vipande viko wapi? Shemeji akawahi: changu nilitupa pipani, si zamani. Mama Boksi akasema, changu si nilikupa wewe, mtoto wako achezee? Shemeji akasema ndiyo, mtoto alichoka nacho, nacho kikaenda pipani. Kisha akaongeza, taratibu, huku anafuta mikono: na nani hapa anayefukua mapipa? Mdogo wangu alishasema.

Wote wakanigeukia. Mimi huyo huyo anayesikilizwa.

Nikasema ndiyo, nilimwona.

Bosi akamwambia Kimya afungue begi. Akafungua. Sindano mbili za kufumia na kisweta cha mtoto mchanga, mkono mmoja bado. Amekifuma kwa zile nyuzi za sufu za kufungia maboksi, zinazobaki, anaziokota pipani. Akasema, na ndiyo mara ya kwanza namsikia akiunganisha maneno: nikifuma mchana, mkono hautetemeki jioni.

Nilitamani anitukane.

Lakini Bosi akasema mtu anaweza kuokota nyuzi na vingine pia. Kimya akae nyumbani hadi Jumatano. Jumatano arudi, na mimi nilete pua, kile kipande changu. Pua ikiwa safi, haijaguswa, basi aliyefanya haya alikuwa na vipande vya pipani tu, hicho alikichonga mwenyewe, na Kimya itabidi ajieleze vizuri. Pua ikiwa na gundi, basi ni mtu anayefika kwetu sebuleni... Hakumalizia.

Pua yangu iko nyumbani. Naitumia kuinulia mguu wa meza ya sebuleni.

Jumanne, 12 Machi

Meza haiyumbi. Nikafurahi. Nikainama.

Boksi la dawa ya meno, limekunjwa.

Nikamwuliza Dada, kile kimpira cha bluu? Akasema Shemeji wako alikichukua zamani, tangu kabla ya mvua, alisema kinavuta mende. Akaniuliza mbona umekuwa hivyo, umekula nini? Nikasema sijala. Akasema basi ndiyo maana.

Shemeji kaingia jioni. Kamnyanyua mtoto, karudisha chini, kakaa. Dada anaongea juu ya kitanda cha mtoto ajaye, kwamba mwenye nyumba amekubali dirisha lipanuliwe. Shemeji anaitikia ndiyo, ndiyo. Mimi naangalia kucha zake. Nyekundu pembeni. Rezini. Juzi ningeapa ni rangi tu.

Na mtu aangalie televisheni ya mpira kila Jumapili asijue nani kafunga! Nilimwuliza kusudi. Akasema sare. Haikuwa sare.

Alipoinuka kwenda kulala alinishika bega, muda mrefu.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nimeinama kuvaa viatu. Pua imerudi chini ya mguu wa meza.

Imesuguliwa, imeoshwa kwa sabuni, inanukia kama mtoto. Lakini mimi si kipofu. Kwenye ukingo uliokatwa, ndani ya yale meno madogo ya kisu, kuna gundi. Imeganda kama sukari. Na kwenye tundu la taa ya kushoto kuna punje ya rezini nyekundu. Sisi tulimimina nyeupe. Nyekundu ni ya mtu anayebania rangi, anaitia humo humo kwenye rezini.

Njiani Shemeji alitembea kando yangu mpaka kwenye lango la duka la magodoro. Hapo akasema: "Mdogo wangu, hicho kina vumbi kidogo. Kipitishie thina kabla hujampa. Thina iko chooni, chini ya sinki." Akatangulia kuingia. Hakugeuka.

Sasa niko chooni. Naandika juu ya goti, mlango nimefunga kwa ndoano. Chupa ya thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi na gundi, iko hapa. Pua iko hapa. Kitambaa pia kipo, kimekunjwa vizuri. Mimi sikukiweka.

Nimemwona Kimya wakati naingia. Amekaa kwenye ngazi, nje, hajaambiwa aingie. Anafuma. Ule mkono wa pili umeshafika kwenye kiwiko. Amenijibu salamu kwa nyusi, kama kawaida, kana kwamba sikumfanya kitu. Mpuuzi! Angalau angenikunjia uso.

Nikisugua, Shemeji anabaki fundi, Dada anapata dirisha lake, na yule pale kwenye ngazi anakwenda na sindano zake. Nisiposugua, kitanda cha mtoto ajaye tutakiweka wapi? Na mimi ndiye niliyepiga kelele. Mimi! Ningenyamaza kuhusu chafya, wala wasingejua. Hodari wa kuona vitu vidogo.

Nasikia Bosi anaweka lile gari jekundu mezani. Nasikia Mama Boksi anauliza huyo mtoto anazaa huko chooni au vipi. Siku nyingine ningemjibu.

Hatua. Ni za Shemeji, nazijua, anavuta mguu wa kulia.

Amegonga. Anasema taratibu, Bosi anasubiri. Anasema, umemaliza?

Kizibo bado sijakifungua. Harufu ya thina angeisikia kutoka huko alipo, ana pua kali. Kwa hiyo anajua sijasugua. Amesimama tu hapo nje, na anajua. Namsikia anapumua, kile kifua chake.

Anasema, mdogo wangu.

Nimeinua ndoano. Pua iko mkononi, na gundi yake.