Dakika Kumi za Shemeji

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umekupa nafuu, nyumba mpya mmeizoea, na wapwa zangu hawajambo, hasa yule mgomvi wa maji ya kuoga. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma. Sikupiga simu kwa makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza mara moja tu mimi hukimbilia mzaha.

Barua yako niliipata. Umeniandikia kwamba tangu afukuzwe kazi, shemeji anashinda sebuleni na redio aliyoifungua, wala hairudishi skrubu wala haitupi. Umesema umechoka, kwamba mtu aliyemvunja mzee wa watu nyonga kwa uzembe hana haki ya kununa, na ukanitaka nimkanye kwa kuwa mimi ananisikia. Nimeisoma mara nyingi. Kila nikifika kwenye neno uzembe, naikunja.

Acha nikueleze kazi yetu, maana najua yeye akianza kuieleza wewe ulikuwa unasinzia. Kila ghorofa ya hospitali ina swichi, kijisanduku chenye matundu ya nyaya kinachounganisha kompyuta, simu, na zile kengele za kitandani wanazobonyeza wagonjwa kumwita muuguzi. Hatupandi ghorofani kuigusa. Tunaingia ndani yake kwa mbali, tumekaa mezani. Ndiyo maana imewekewa orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kuingia. Isiyomo haiingii, hata iwe ya mkurugenzi. Shemeji aliibana orodha hiyo hadi ikabaki kompyuta moja tu, ya kwake. Wenzetu wakamwita Bawabu, akajifanya kuchukia.

Kuigusa orodha kunatisha, kwani ukikosea tarakimu moja unajifungia nje mwenyewe. Kwa hiyo shemeji alinirithisha mazoea yake. Kabla ya kubadilisha chochote, unaiagiza swichi ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi. Ukijifungia nje, unakaa unasubiri. Itawaka ikiwa imesahau kosa lako. Ukiona mambo yamekwenda sawa, unafuta agizo. Hilo la mwisho alilirudia hadi nikawa namwigiza sauti akiwa hayupo: futa agizo, bwana mdogo, ndipo unyanyuke.

Siku ile ya ajali, mkuu wa idara alitaka kompyuta ya pili iongezwe kwenye orodha, nayo ilikuwa ya kwangu. Saa nne asubuhi swichi ya ghorofa ya tatu ikajizima. Ni ya zamani, huchukua dakika saba kuamka. Ndani ya dakika hizo mzee wa chumba cha mwisho alibonyeza kengele, akabonyeza tena, akaona aibu kujichafulia kitandani, akashuka mwenyewe. Alipookotwa hakuweza kusimama.

Kwenye kikao mkuu alisoma kumbukumbu zote: aliyeingia alitumia kompyuta ya shemeji na neno la siri la shemeji, akaondoka bila kufuta agizo. Akamuuliza kama ana la kusema. Shemeji alitazama meza, akasema kompyuta ni yake na neno la siri ni lake, hana la kuongeza. Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Nilikuwa nimebakiza siku nne kumaliza miezi mitatu ya majaribio, katika kazi aliyonitafutia yeye.

Dada, aliyekaa mbele ya kompyuta ile asubuhi ile ni mimi. Shemeji alikuwa chini mapokezi akihangaika na printa. Alinipa neno lake la siri, jambo lisiloruhusiwa, akaniambia nianze, nimeshajua. Orodha niliiandika vizuri. Nilipoona imenikubali nilijisikia fundi hasa, nikanyanyuka kwenda kunywa chai. Nililikumbuka lile agizo nikiwa na kikombe mkononi, wauguzi wakiulizana kwa nini simu zimekatika.

Yeye alijua tangu mwanzo. Baada ya kikao nilimfuata kwenye ngazi, na kabla sijafungua mdomo akaniambia kazi atapata nyingine, lakini wewe ndugu mwingine huna, kwa hiyo nisikwambie. Nikatikisa kichwa kukubali. Naona aibu, Dada, kwa jinsi nilivyokubali haraka. Wiki hiyohiyo mkuu aliniagiza niiondoe kompyuta yake kwenye orodha, nikaiondoa kwa mikono yangu.

Juzi nilikwenda kumwona yule mzee. Hatembei. Aliniuliza kama mimi ndiye fundi wa kengele, nikasema ndiye. Akanishukuru kwa kuitengeneza.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu maelezo yangu kwa maandishi, yenye sahihi, nikamwachia na kitambulisho changu. Sijui kama watamrudisha shemeji. Neno la siri alinipa, na hilo nalo nimelazimika kuliandika. Nimeogopa sana kuandika sentensi ile, lakini nimechoka kuchagua cha kusema.

Akijua nimekwambia atakasirika, mwache akasirike. Mimi nijibu utakapoweza, hata kama ni kwa matusi; nimeyataka. Ila kabla hujanishika mimi, nenda sebuleni ukae naye. Hakuna redio inayomshinda yule mtu.

Nisalimie wapwa.

Ni mimi, ndugu yako ambaye huna mwingine,
Mziwanda