Kiti cha jikoni kimebadilisha timu

Mama Shabani, mupenzi wangu mwenye ulimi mukali,

Hapa Kindu jua inachoma, na samaki ya Lualaba iko tamu kupita ya kwako, usikasirike. Usitafute tena kiti chako kidogo cha jikoni, nilikuja nacho mimi. Unajua mujukuu wetu Feza anashindana na vile vigari vya mbao vya mutu moja, vinavyoshuka mbio mpaka karibu na muto. Katikati ya musimu timu ya Kasuku ikamutoa, ikaweka mutoto wa mukubwa wao. Timu ya Alunguli ikamupokea, lakini kwao gari njo ya timu, kiti njo cha dereva. Bila kiti, hakuna mbio.

Tukapigilia chako misumari ndani ya gari. Kasuku wakamucheka Feza: "Mama, unaenda kupika sombe?"

Feza akawajibu: "Ndiyo, na ninyi njo kuni!"

Kwenye kona wote walikanyaga breki. Feza akainama tu, bega karibu liguse udongo, akawapita kimya.

Hapo nikakuona wewe, kama ile siku ya vita, tunakimbia, umekaa juu ya kiti kile kile nyuma ya baiskeli yangu. Breki imekatika, mimi ninalia kama mbuzi, wewe unainama na kusema, "Baba Shabani, funga kinywa, nzi wataingia."

Watu wameniuliza nani alimufundisha kuinama vile. Nikasema ni mimi. Feza akakohoa, ikabidi nitaje jina lako.

Ubaki na afya, dereva wangu. Kiti sasa ni cha mbio za Alunguli, hakirudi tena jikoni. Nikirudi, utakalia magoti yangu.

Muzee wako